Taifa, Mwana wa Mwanakheri

Kila alfajiri kuba la kioo juu ya Jumba la Falaki lilifunguka taratibu, na darubini kumi na mbili, moja kwa kila buruji, yaani kila fungu la nyota, zikaelekezwa mbinguni. Hapo ndipo Kisomanyota, mtambo wa taifa wa kutabiri, kilipoanza kazi. Kilitazama Zuhali iko wapi na Mirihi imeingia nyumba gani, kikazikokotoa hesabu zake kwa akili mnemba, kisha sauti yake nzito ya kike ikatoka kwenye kila simu, kila ukuta na kila kituo cha magari-anga katika jiji la Kiangazini.

"Taifa la Tambarare, mwana wa Mwanakheri, usikie moyo wako wa leo."

Na taifa lilisikia, tena kwa adabu. Wenye mabenki walisubiri rangi ya siku. Wabunge walisubiri rangi. Ikitoka nyeupe, siku ni ya sudi: mikopo inatolewa, hoja zinapita, watu wanacheka barabarani. Ikitoka nyekundu, siku ni nuhusi: fedha zinafichwa, bunge linaahirishwa, na mtaa uliotajwa kuwa na hasira unapelekewa askari-chuma kabla hasira yenyewe haijaonekana.

Sasa, anayejua falaki anajua kwamba nyota ya mtu haipatikani kwa jina lake peke yake. Lazima jina la mama liwepo. Majina mawili hugeuzwa tarakimu, hujumlishwa, hugawanywa kwa kumi na mbili, na kinachobaki ndiyo buruji yake. Lakini taifa mama yake nani? Makubwa haya! Kamati ilikaa ikabishana hadi sauti zikakauka. Huyu anataka malkia wa kale, yule anataka mke wa rais wa kwanza, wapinzani wanatishia kutoka ukumbini. Mhandisi Shemsa, aliyekiunda Kisomanyota, alichoshwa na kelele zao. Akaingiza jina la mama yake mzazi, la majaribio tu, ili mtambo uwake.

Siku hiyo mtambo ukasema bei ya mahindi itaanguka. Wafanyabiashara waliposikia wakakimbilia kuuza, wote kwa mpigo, na bei ikaanguka kweli. Nani tena angethubutu kuligusa jina lile? Miaka ikapita, watu wakaamini kwamba Mwanakheri alikuwa shujaa wa zamani, na serikali ikamchongea sanamu ya shaba yenye mkuki mkononi. Mwanakheri mwenyewe, mpika vitumbua wa mtaa wa Chumvini, ambaye majirani walimjua kwa jina la Mama Shemsa, alikwenda kuitazama.

"Hata pua haifanani," alimwambia binti yake. "Na huo mkuki nimchome nani?"

Walicheka siku ile mpaka machozi yakawatoka.

Asubuhi ya leo Shemsa hakucheka. Alikuwa amesimama chini ya kuba wakati kiwambo cha Kisomanyota kilipogeuka chekundu.

"Mirihi imeingia buruji ya Akarabu," mtambo ulisema. "Fedha zina hofu. Chumvini ina hasira. Malango ya Chumvini yatafungwa adhuhuri."

Shemsa aliitazama saa. Kifuani mwa mama yake mlikuwa na kisukumadamu, kijimashine kidogo kilichoushika mkono moyo uliochoka, nacho kilikula umeme-hewa kutoka mnara wa mtaa. Mtaa ukifungwa, mnara huzimwa, ili wenye hasira wasiweze kuwasiliana. Akiba ya kisukumadamu haikuwa ya kutosha hata nusu siku. Ilibidi mama atoke Chumvini kabla ya adhuhuri, basi, hapakuwa na jingine la kufikiria.

Alichukua gari-anga la ofisi, lile jeupe lenye nembo ya nyota kumi na mbili, akalishusha katikati ya Chumvini.

Sikiliza alichokikuta huko. Wanawake walikuwa wanachambua mchele barazani. Mzee mmoja alikuwa ananyolewa ndevu huku akimtania kinyozi wake. Mama yake alikuwa kibarazani, anageuza vitumbua.

"Shikamoo, mama. Inuka twende."

"Marahaba. Twende wapi, mwanangu, na mafuta yapo motoni?"

"Hukusikia? Wanafunga adhuhuri. Mnara utazimwa."

"Nimesikia. Wamesema nina hasira." Mwanakheri akamtazama kwa jicho la pembeni. "Nina hasira mimi? Tena mimi ndiye mama wa taifa, ningekuwa wa kwanza kujua."

"Mama, huu si wakati wa mzaha!"

"Shemsa, wewe ndiye uliyeniambia hapa hapa kwamba ile ni hesabu tu. Kwamba nyota hazimjui mtu. Sasa umekuja mbio kufanya nini?"

Shemsa angesema nini? Kwamba haziamini nyota, ila anawaamini watakaoziamini? Alizima jiko, akamshika mama yake mkono, akaanza kumwongoza taratibu kuelekea kwenye gari.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mama Zamda, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliacha ungo wake akasimama. Aliiona nembo kwenye gari. Alimwona mhandisi wa Kisomanyota, yule yule aliyeuumba mtambo, anamtoa mama yake mtaani huku jasho linamtiririka.

"Jamani!" akapiga ukelele. "Shemsa anamwondoa mama yake! Basi yatakayotokea hapa si madogo!"

Mchele ukamwagika. Mzee aliyekuwa ananyolewa akainuka na povu lake shavuni. Watu wakabeba watoto, wakabeba masufuria, wakaanza kukimbilia lango kuu, na waliowaona wanakimbia wakakimbia pia. Askari-chuma waliokuwa langoni waliona umati unawajia mbio. Walikuwa wamefundishwa kitu kimoja: umati unaokimbia siku ya nuhusi ni ghasia. Malango yakashuka kwa kishindo, na adhuhuri bado. Mnara ukazimwa. Magari-anga yote ya mtaani, likiwemo lile jeupe, yakatulia chini kama mawe, kwa kuwa nayo yaliishi kwa umeme-hewa huo huo.

Watu walipofungiwa ndipo walipokasirika. Walipiga malango kwa masufuria. Walirusha mawe. Askari-chuma wakajibu kwa moshi.

Shemsa alimlaza mama yake kwenye kiti cha nyuma cha gari, akafunga vioo, akatoa simu ya kazini iliyopitia setilaiti. Akampigia mkurugenzi wake, Daktari Lugendo.

"Fungueni lango! Hakukuwa na ghasia, Daktari. Watu wamekimbia kwa sababu wameniona mimi!"

"Kwenye kiwambo naona mawe," Lugendo alisema kwa upole. "Utabiri umetimia, Mhandisi. Kama kawaida."

"Mama yangu yumo humu. Mwanakheri. Mwanakheri mwenyewe, unajua vizuri jina lile nililitoa wapi!"

Lugendo alishusha sauti. "Najua. Lakini nikifungua kabla saa ya Mirihi haijaisha, kesho nani atakiamini Kisomanyota? Sarafu yetu inasimama juu ya imani hiyo. Taifa zima linasimama hapo. Nisamehe, dada yangu."

Simu ikakatwa. Shemsa alipiga tena na tena, akatukana, akalia, akabembeleza. Hakuna aliyepokea.

Taa ndogo ya kisukumadamu, iliyoonekana chini ya ngozi ya Mwanakheri, ilianza kupepesa.

"Usilie hivyo," mama alisema, pumzi zikimtoka kwa kukatika. "Uliponiona nageuza vitumbua ulikuwa na njaa. Nilikuona unavitazama. Ungekula kwanza."

"Nisamehe, mama."

"Ungekula kwanza," alirudia, kama vile hilo ndilo kosa pekee lililotendeka siku hiyo. Taa ikazimika wakati wa alasiri. Malango yalifunguliwa jioni, kwa ratiba.

Alfajiri iliyofuata waombolezaji walijaa ua mzima. Maiti ilikuwa ndani, imekwishakafiniwa, ikisubiri rangi, kwani hata malango ya makaburi yalikitii Kisomanyota. Mama Zamda alikaa mkekani kando ya Shemsa, jicho limevimba kwa moshi.

"Laiti tungeondoka mapema," alisema. "Mtambo ulitwambia."

"Mama Zamda, jana asubuhi ulikuwa na hasira?"

"Hasira ya nini? Nilikuwa nachambua mchele."

"Basi mtambo ulisema uongo."

"Lakini mchana si nilikuwa nayo, mwanangu?" Akampapasa mgongo. "Huo ni uchungu unaokusemesha. Nyamaza."

Simu ikatetemeka. Alikuwa Lugendo. Alimpa pole, akasema taifa linamlilia, kisha akakohoa.

"Nina swali moja tu la kitaalamu. Mama akifariki, jina lake linaendelea kufaa kwenye hesabu?"

Shemsa alitazama mlango wa chumba alimolala mama yake. Angeweza kusema halifai. Neno moja lingeuzima mtambo mwaka mzima, kamati ikibishana upya juu ya mama mwingine. Lakini akilini aliziona benki zimefungwa, askari-chuma kila lango, na watu hawa hawa wa uani hawajui waamkie nini. Akaogopa. Ndiyo, aliogopa kama walivyoogopa wao.

"Linafaa," alisema. "Halibadiliki."

Muda mfupi baadaye kuta zote zikazungumza.

"Taifa la Tambarare, mwana wa Mwanakheri, usikie moyo wako wa leo. Mushtara imepanda. Moyo wako ni mweupe. Utafurahi."

Ua mzima ukashusha pumzi. Mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Simu zikaanza kulia: maduka yanafunguliwa, bei zinarudi. Wanaume wakalinyanyua jeneza haraka haraka, maana walikuwa na shughuli za kuwahi.

"Mama Shemsa ana bahati," Mama Zamda alinong'ona. "Anazikwa siku njema."

Shemsa alitaka kupiga kelele. Alifungua mdomo. Lakini alihisi, na aibu iliyoje, mabega yake yakilegea na kifua kikiwa chepesi, na ndani kabisa, pale alipojua hapakuwa na sababu hata moja, akaanza kufurahi.