Nilisema Ukuta Umeshiba

Nina miaka arobaini na sita. Shule niliishia kidato cha nne, na tangu hapo nimekuwa fundi, mtu wa mjengo. Sina mke. Nimejenga nyumba nyingi za watu, lakini mimi mwenyewe sijawahi kukaa mji mmoja miaka miwili. Nikiwa Kisumu naitamani Mombasa. Nikifika Mombasa naikumbuka Nairobi, na ile chai tuliyokuwa tukinywa Kawangware tukiwa vijana... Wenzangu waliniita Safari. Jina hilo nililipenda sana. Sikujua kwamba siku moja litamgharimu mtu mwingine.

Siandiki haya kutafuta huruma. Wa kuhurumiwa ni Wekesa.

Wekesa na mimi tulifunzwa kazi na fundi mmoja, Mzee Kilonzo, ambaye sasa ni marehemu. Mafundi wengi wa Nairobi wamezoea mawe ya machimbo. Mzee alitufunza bloki za simiti zenye matundu. Ni nyepesi kubeba na ukuta hupanda haraka. Lakini ukuta wa bloki hizo ukitakiwa kuzuia udongo, sharti matundu yake yatiwe vyuma, kisha yajazwe konkriti kidogo kidogo huku ukiishindilia kwa fimbo. Ukiyaacha matupu, umejenga ganda.

Mzee aliita kazi hiyo kulisha ukuta. Ukimaliza kumwaga, alikuwa anakuuliza swali moja tu: "Umeshiba?" Nawe unajibu: "Umeshiba." Basi. Hakuna aliyegonga kwa nyundo kusikiliza kama ndani kuna uwazi. Kwetu sisi wanafunzi wake, kugonga baada ya mwenzako kujibu lilikuwa tusi, kama kumwambia mgeni wako afungue kinywa uhakikishe amemeza.

Mafundi wa mijengo mingine hawana desturi hiyo. Wao hugonga. Laiti na sisi tungegonga!

Mwaka juzi Wekesa alinipigia simu nikiwa Nakuru. Alikuwa nyapara wa nyumba moja kubwa Muthangari, kwenye mteremko unaoelekea mtoni. Kiwanja cha jirani kilikuwa juu sana, kwa hiyo ulihitajika ukuta wa kuzuia udongo wake. Bloki za matundu. Aliniambia hamwamini mtu mwingine kwa kazi hiyo. Nilifika siku ya pili.

Alikuwa akiishi pale pale saitini, katika kibanda cha mabati, na mkewe Nafula pamoja na binti yao Nekesa wa miaka minane. Kibanda kilikuwa chini kabisa ya pale ukuta ulipopita. Siku ya kwanza nilimtania kwamba amejijengea ukuta wake wa nne bure.

"Ndiyo maana nimekuita wewe," akasema. "Ukikosea, unaniangukia mimi."

Tukacheka. Naam, tulicheka...

Kazi ilienda vizuri mpaka wiki ya mwisho. Jumatano nilipata habari kwamba kuna mjengo Kilifi, na watu wangu wa zamani wako huko. Moyo wangu ukaondoka siku hiyo hiyo. Mikono ilibaki Muthangari, lakini mimi nilikuwa nimeshafika pwani, nanusa samaki wa kukaanga na kusikia vicheko vya watu ambao sikuwa nimewaona miaka kumi. Nikamwambia Wekesa Ijumaa naondoka. Akasema sawa, bora ukuta uwe umelishwa.

Alhamisi mtambo wa kuchanganya konkriti ukaharibika. Ilibidi tuchanganye kwa sepetu na kupandisha kwa ndoo. Kufikia Ijumaa saa sita, upande wa juu ya kibanda ulikuwa bado. Wekesa alikuwa ameenda Westlands kumtafuta fundi wa mtambo. Vibarua walikuwa wanakula. Nilikuwa peke yangu juu ya jukwaa, na mbele yangu matundu kumi na moja yakinitazama kama macho.

Ningeweza kungoja mpaka Jumamosi. Siku moja tu!

Badala yake nilichukua mifuko mitupu ya simiti. Nikaikunja kwa nne na kuifunga kwa waya, vile ninavyoikunja kila siku kujitengenezea kiti cha kulia chakula. Ni mimi tu mwenye tabia hiyo, na mjengo mzima walinicheka kwa ajili yake. Nikaisukuma ndani ya matundu, kando ya vyuma, mpaka ikakwama. Juu yake nikamwaga konkriti shubiri mbili, nikalainisha kwa mwiko. Ukitazama kwa juu, ulikuwa ukuta safi kuliko kuta zote nilizowahi kujenga.

Wekesa aliporudi nilikuwa nanawa miguu. Akatazama juu, akanitazama mimi.

"Umeshiba?"

"Umeshiba," nikasema.

Akanishika bega, akanishukuru. Nafula alinifungia mahindi ya kuchoma ya njiani. Nekesa alikuwa ameegemea ukuta ule, kitabu kwenye magoti, anafanya hesabu za shule. Akanipungia mkono...

Kilifi sikupata raha. Kila nilipogonga bloki ikalia kama debe, nilisikia matundu kumi na moja. Masika yalipoanza, redio ikasema Nairobi inanyesha mfululizo. Nilishika simu mara nyingi. Ningesema nini? Nilijiambia vyuma vimo, chini kumejaa, utashika. Mwongo hujisadiki yeye mwenyewe kwanza.

Mwishowe nilishindwa, nikarudi. Nilimwambia Wekesa nimekumbuka chai ya Nairobi. Hakushangaa, anajua nilivyo.

Nilipofika saitini, kabla hata ya kusalimia, macho yangu yalienda kwenye ukuta. Ulikuwa na ufa. Mwembamba kama unywele, umelala kwa urefu juu kidogo ya paa la kibanda, pale pale nilipoingiza mifuko. Chini ya ufa, bloki zilikuwa zinatokwa na maji.

"Unaona?" Wekesa akasema. "Ukuta wako unatoa jasho. Injinia anasema ni plasta tu. Lakini mimi sipendi." Akainama, akachukua nyundo. "Acha nigonge."

Ndugu msomaji, hapo Mungu alinipa nafasi ya pili. Ningeiacha nyundo ile iseme! Ningesema mwenyewe, watu wale wakahama siku hiyo hiyo na vyombo vyao. Unajua nilichofanya? Nilimshika mkono.

"Unagonga nini, Wekesa? Kwani mimi si nilikujibu?"

Akasimama kidogo. Kisha uso wake ukajaa aibu... yeye! Akaiweka nyundo chini.

"Nisamehe, ndugu yangu. Ni mvua inanitia wasiwasi tu."

Aliniomba msamaha. Na mimi nikamsamehe.

Siku mbili baadaye, Jumapili mchana, nilikuwa Westlands naulizia kazi kwenye ghorofa moja mpya. Mvua ilikuwa imekatika na jua limetoka. Simu ikalia, ni Nafula. Hakupiga mayowe. Alisema maneno matatu tu: "Shemeji, ukuta umeanguka."

Nilikimbia kwa miguu, nikavuka barabara sijui vipi. Kibanda hakikuwepo. Palikuwa na udongo mwekundu, mabati yaliyokunjika, na bloki zilizopasuka. Nekesa alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mzima, amejaa matope. Wekesa aliwahi kumsukuma nje, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kutoka. Bloki zilimwangukia mkono wa kulia na kuulalia mpaka majirani walipomchimbua.

Hospitali waliukata juu ya kiwiko. Mkono wa mwiko. Mkono wa nyundo.

Injinia alipokwenda wodini kuuliza ni nani aliyejaza sehemu ile, Wekesa alijibu kwamba ni yeye mwenyewe. Nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda. Nikanyamaza tena. Hiyo ilikuwa mara ya tatu! Akafukuzwa kazi akiwa bado amelala na bandeji, na jina lake likachafuka katika kila mjengo kuanzia Muthangari hadi Karen.

Nilifikiri hajui. Wiki tatu baadaye nilimtembelea chumba walichohamia Kawangware. Nafula alikuwa nje anafua. Wekesa akainama, na kwa mkono wake wa kushoto akavuta kitu kutoka chini ya kitanda, akakiweka juu ya meza. Mfuko wa simiti. Umekunjwa kwa nne, umefungwa kwa waya.

"Nilikuwa nimelala chini ya udongo," akasema, "na hiki kilikuwa karibu na uso wangu. Nilikitazama mpaka waliponitoa."

Nilipiga magoti. Nililia kama mtoto. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

"Nilikuuliza mara ya kwanza," akasema. "Mara ya pili nikakuomba msamaha."



Siku iliyofuata nilienda kwa injinia na kwa mwenye nyumba na mfuko ule mkononi, nikasema yote. Nilipelekwa kituoni, nikaandika maelezo, na kesi yangu bado inaendelea. Jina la Wekesa limesafishwa kwa maneno. Lakini maneno hayashiki mwiko.

Sijahama tena. Nimepanga chumba mlango wa tatu kutoka kwao. Tunapopata kazi ndogo, mimi najenga, yeye anakuja nyuma yangu na nyundo katika mkono wa kushoto. Anagonga kila bloki, moja baada ya nyingine, sikio limekaribia ukuta. Haniulizi tena.

Jumapili hunialika kula. Juzi Nafula aliondoa sahani, na kama mke yeyote mwenye adabu kwa mgeni, akauliza, "Shemeji, umeshiba?"

Wekesa akatazama chini. Nekesa akanitazama. Ni neno dogo, nilikuwa nimekula ugali mzima na mboga, na bado halikutoka... Nafula akangoja, kisha akaniongezea.

Ninyi mafundi wenzangu, na ninyi mnaolala kando ya kuta zilizojengwa na watu msiowajua: kama kuna tundu uliloliacha tupu, rudi ukaseme leo, kabla ya mvua. Na wewe unayejengewa, usione haya kugonga kwa nyundo mbele ya fundi, hata akiwa ndugu yako, hata akinuna. Na siku yoyote mkinikuta mimi kwenye mjengo nawaambia ukuta umeshiba, msiniamini.

Gongeni.