Vyuma Visivyofika Juu

Kila siku baada ya masomo, Injinia alipitia karakana ya mama yake, akapangusa vumbi kwenye kompyuta kuukuu na kufungua programu ya kuchorea. Jina hilo alipewa kwa utani na mama yake, mchomeleaji wa vyuma. Mtoto mwenyewe hakuuona utani. Alilichukua kama cheo.

Wiki hiyo alichora mnara wa tangi la maji la shule ya chekechea ya jirani. Aliinamisha mistari ya upana nyuzi thelathini, hivyo mnara ukaonekana pande tatu kwa pamoja, ingawa skrini ni bapa. Vilibaki vipimo vya vyuma vinne vya mshazari, vya kutoka chini ya mguu mmoja hadi juu ya mguu wa pili. Kanuni ya mama ilikuwa moja: mshazari haupimwi kwenye picha, hukokotolewa. Injinia aliona uvivu. Alibofya ncha mbili za mstari, kompyuta ikaandika sentimita 173.

"Umekokotoa?" mama aliuliza.

"Nimekokotoa, mama."

Mama akavikata. Alipoviweka mahali pake, havikufika juu. Aliguna, akatazama lori la mteja lililokuwa likingoja, akavichomelea pale vilipokomea. Injinia aliinamia viatu vyake.

Tangu hapo, kila alipopita chekechea, aliwaona watoto wakicheza kwenye kivuli cha mnara. Alijifariji kwamba tangi lilikuwa bado tupu.

Ijumaa alikuta mpira wa maji umepandishwa tangini.

"Leo tunajaza," mlinzi alimwambia. "Lita elfu mbili."

Juu yao chuma kililia, kikanyamaza, kikalia tena.

"Usiogope, mwanangu. Kipya hicho, kinazoea mzigo."

Injinia aliogopa hasa. Akisema, mama atajua kwamba alidanganywa na mtoto wake wa kumzaa. Akinyamaza? Msichana mmoja mdogo alikuwa ameegemea mguu wa mnara, akihangaika na kamba za kiatu.

"Baba, funga maji," Injinia alimwambia mlinzi. "Watoe watoto. Kipimo si sahihi. Nilidanganya."

Mlinzi alimtazama usoni mara moja tu, akaenda mbio. Watoto waliondolewa, tangi likafunguliwa maji yatoke, na mama akaitwa. Alikuta mguu mmoja umeshapinda upana wa vidole viwili. Akachukua chaki, akakokotoa ukutani: upana mita moja, kimo mita mbili. Mshazari ulitakiwa sentimita 224.

"Picha imeinamishwa ili jicho lione pande tatu," alisema. "Kompyuta inapima mstari wa kwenye skrini tu. Mnara haiujui."

Injinia alingoja kugombezwa. Mama aliketi kwenye kipandio cha ngazi.

"Wewe uliniambia uongo; hilo ni lako. Mimi niliona vyuma ni vifupi, nikaguna, nikanyamaza. Hilo ni langu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini sisi tulificha, na kifo kingewakuta watoto wa watu."

Alimpa binti yake chaki.

"Kesho tunakata upya. Utakokotoa mbele yangu, nami nitakokotoa mbele yako. Na yeyote kati yetu akiguna, kazi inasimama."