Albamu Haifungwi Katikati

Mzee Abrahamu alifunua ukurasa wa tatu wa albamu, kidole alichotaka kukilowesha ulimini kikagandia njiani.

– Mama Yunis, huyu kijana ni nani kwenu?

Bibi Yunis, ambaye macho yake yalikwisha kuacha kushughulika na vitu vya karibu, alijibu kwa utulivu kwamba huyo atakuwa mtoto wa dada yake wa Bumbuli.

– Mtoto wa dada yako anavaa shati la mauamaua na kuning'iniza gitaa kifuani?

Nyuma ya pazia Dina, mjukuu wa bibi, alikuwa anapanga viazi vikuu kwenye sahani. Kimoja kilimponyoka, kikabingirika mpaka sebuleni, kikasimama kwenye kiatu cha mgeni. Hakuna aliyekiokota.

Kwao Soni, kama ilivyo kwenye milima yote ile, mgeni hakalishwi hivi hivi akitazamana na ukuta. Chai ikiwa bado jikoni, hupewa albamu ya picha. Ndiyo adabu. Na nyumba ile ilikuwa na albamu mbili, zote za jalada jekundu, zilizonunuliwa duka moja Lushoto mjini. Moja ilikuwa ya ubatizo, kipaimara na mazishi ya babu. Ya pili ilikuwa ya Dina peke yake, na hailetwi mbele ya wageni. Siku hiyo ya posa, Mzee Abrahamu alipokuja kumposea mwanawe Mika, bibi alipapasa juu ya kabati akachukua ile ya pili.

Mzee Abrahamu alikuwa mzee wa kanisa na kiongozi wa bendi ya tarumbeta ya usharika wao kule Mlola. Akaanza kusoma maandishi meupe yaliyokuwa pembeni mwa picha, kwa sauti ile ile ya kusomea matangazo ya ndoa.

– "Kwa Dina wangu. Zahoro." – Akafunua. – Huyu mwingine kabisa, ana ngoma. "Kwa Dina wangu, mwenye tabasamu. Zahoro." Sasa Zahoro ni yupi? Mwenye gitaa au mwenye ngoma?

Mshenga wao, Hassani, balozi wa nyumba kumi, alisogeza kichwa akatazama.

– Tena suruali ya kubana, mzee mwenzangu. Hii Vijana wa chama wameikataza.

Mzee Abrahamu akaifunga albamu. Pap. Blanketi alilokuja nalo kwa ajili ya bibi akalirudisha kwapani, akasimama.

– Baba Mika, – bibi alisema pale pale alipokaa, – albamu haifungwi katikati. Mgeni akipewa, huitazama mpaka mwisho.

– Nilichokiona kimenitosha, mama.

Wakaondoka. Kile kiazi kikuu kilibaki sakafuni, kimepoa.

Sasa jamani, huyo Zahoro hakuwa mwenye gitaa wala mwenye ngoma. Alikuwa mpiga picha. Nani hakumjua Zahoro wa Tanga miaka ile ya Azimio? Kila bendi ya dansi iliyopanda jukwaani kati ya Tanga na Moshi, Zahoro alikuwa chini yake na kamera. Kinyozi asiyekuwa na picha ya Zahoro ukutani alinyoa watoto tu. Na picha yenye saini yake, ile ya wino mweupe pembeni, watu waliitafuta kama dawa.

Dina alizipata kwa plamsi, yale matunda mekundu ya milimani. Msimu wa matunda alikuwa anateremka na lori mpaka Mazinde, anapanga vikapu kando ya barabara kubwa, na gari la wanamuziki likipita lazima lisimame. Wengine waliuza. Yeye kwa Zahoro hakuuza: alitoa kikapu, akapewa picha, na picha bila saini hakuichukua. Hivyo ndivyo alivyozikusanya, moja moja, tangu akiwa msichana wa kusuka nywele mabutu.

Mika alikuja kesho yake asubuhi, bado ana vumbi la mbao kwenye kope. Alikuwa fundi seremala mjini Lushoto, kijana mpole, mwenye mikono mikubwa. Alimwamkia bibi shikamoo, kisha akamkuta Dina uani anaanika maharage.

– Nilijua una picha, – alisema. – Sikujua kwamba unaitwa "wangu".

– Ndivyo anavyoandika.

– Kwa kila mtu?

– Wewe umekuja kuniuliza, au umekuja kunihukumu?

Mika alikaa juu ya kinu. Akaeleza alichotumwa. Baba alikuwa amekaa na wazee, na wametoa neno: Jumapili baada ya ibada watakuja Soni, Dina azichome picha zile mbele yao, na posa itapokelewa upya kama vile hakukutokea kitu.

– Kama sichomi?

– Anasema sitaoa hapa. Nisipomtii nihame Mlola, na asinione tena.

Dina aliacha maharage. Alimpenda Mika, msidhani hakumpenda. Alimpenda mpaka mlio wa lori la Lushoto aliweza kuutenganisha na malori mengine yote, kwa sababu ndilo lililomleta.

– Mika, mimi nikizichoma, nimekubali. Watu watasema, tazameni, alikuwa na mabwana, sasa ametubu. Nitubu nini? Kupenda picha?

– Basi niambie huyo Zahoro ni mtu wa namna gani. Kijana? Ana mke?

Hapo Dina angemaliza maneno yote kwa pumzi moja. Zahoro alikuwa mzee wa meno ya bandia, masikio yamezibwa na miaka ya kusimama karibu na vipaza sauti. Neno lilimfika kwenye ulimi. Akalimeza.

– Nikikwambia alivyo, utaniamini kwa sababu yake. Mimi nataka uniamini kwa sababu yangu.

Mika alichukua kofia yake, akamuaga bibi, akaondoka. Lori lilipopiga honi kule chini, Dina alijua ni lile, na hakutoka nje kulitazama.

Jumamosi jioni bibi alimwambia atengeneze mafiga matatu uani, wageni wanakuja.

– Bibi, nimesema sichomi.

– Nani kasema utachoma wewe? Anayetaka kuchoma atachoma kwa mkono wake. Nilichoomba ni kimoja: kila picha aitazame kwanza. Nimemtumia Baba Mika salamu, na amekubali.

– Hiyo itasaidia nini?

– Sijui. Ila mtu akikitazama kitu vizuri, mkono wake huwa mzito. Mimi nimeshindwa kuchinja jogoo kwa sababu hiyo. Panga mafiga, mjukuu wangu.

Jumapili baada ya ibada walifika, moto ukiwa umeshika. Mzee Abrahamu alikuwa na koti lake la kanisani. Hassani alisalimia kwa Kishambaa, onga mshi, kisha akatafuta upande usio na moshi. Bibi aliweka kigoda, akaweka albamu magotini mwa mzee, kwa mikono miwili, kama anayempa mtoto mchanga.

Kabla hajaifungua, Mika alitokea kwenye kona ya nyumba. Alikuwa amebeba fremu ya mti wa mvule, imepigwa randa mpaka inang'aa. Hakuna aliyemwita, kwa kuwa mwoaji hahudhurii mambo ya wazee.

– Baba, samahani. Sikuja kubishana. Nimekuja kusema mbele ya mwenyewe. Picha zikiungua, namwoa Dina bila picha. Zisipoungua, namwoa pamoja na picha zake, na fremu ya kwanza ni hii. Kuhama Mlola, nitahama.

– Umekwisha kumjua huyo Zahoro? – baba yake aliuliza.

– Simjui. Namjua Dina.

Dina aligeukia motoni akachochea kuni ambazo hazikuhitaji kuchochewa. Moshi ulikuwa mwingi siku ile, kila mtu angeelewa.

Mzee Abrahamu alikohoa, akafungua. Ya kwanza aliichomoa, akaisogeza kwenye mwanga, akauliza hiki ni nini. Dina akaja akachuchumaa pembeni yake, akaeleza kwa heshima: huyu ni mpiga gitaa wa Tanga, mvua ilinyesha juu ya jukwaa na hakushuka, ona maji kwenye nyuzi. Mzee akaishika kwa muda. Akaiweka gotini, akasema ataichoma pamoja na zinazofuata. Ya pili, vivyo hivyo. Akatokea mpiga saksafoni aliyefumba macho, na mzee akasema huyu anajazia mashavu hewa bure, hajafundishwa. Hassani akasogea, akakubali suruali ile haikuwa ya kubana sana, labda ni kivuli.

Wakafika pale albamu ilipofungwa siku ya posa. Wakapita. Rundo likakua gotini na moto ukaanza kuchoka.

Kisha Mzee Abrahamu alifunua ukurasa, akauinamia.

Picha ilikuwa ya mpiga tarumbeta, ameinua chombo juu kama anayemwita mtu mlima wa pili. Mdomo wa tarumbeta ulikuwa na bonde upande mmoja, kama sufuria iliyoanguka. Mzee aligusa bonde lile kwa kidole. Alivua miwani, akaifuta kwa koti, akaivaa tena.

– Huyu anaitwa nani?

– Wenzake wanamwita Chiriku, baba. Jina lake hasa silijui.

– Mimi ninalijua. Tarumbeta hii iliangukia mawe ya mto hapa Soni, tukitoka kwenye mkutano wa sharika. Mimi ndiye niliyemkaripia aliyeiangusha. Ni Silvano.

– Baba mdogo? – Mika alisogea.

Kule Mlola kila mtu aliijua ile nafasi kwenye mstari wa tarumbeta, kati ya Mzee Abrahamu na ukuta, ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuisimamia. Ilikuwa ya mdogo wake. Silvano alipokutwa anapuliza kwenye dansi Korogwe, kaka yake alisema mbele ya washarika wote kwamba mdomo unaowapulizia walevi hautapuliza tena kanisani. Kijana aliondoka usiku huo huo na chombo mkononi. Mika alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Tangu siku hiyo hawakujua kama alikuwa hai.

– Yu mzima? – mzee aliuliza. Sauti ya matangazo haikuwepo tena.

– Mzima, baba. Mwezi uliopita alikula plamsi zangu Mazinde. Alimeza na kokwa, akacheka mpaka dereva akapiga honi. Akaniuliza kama huko juu Mlola tarumbeta bado zinalia Jumapili. Nikamwambia zinalia. Akasema, aa. Nikadhani ni mazungumzo tu ya njiani.

Mzee Abrahamu alikaa na picha ile muda mrefu. Kisha akachukua lile rundo gotini, akaanza kurudisha picha moja moja mahali pake. Vidole vyake vilikuwa vinene, vilishindwa na vile vipembe vya karatasi vya kushikia picha. Dina akamsaidia.

– Mama Yunis, – alisema bila kuinua macho, – ulisema kweli. Ningeitazama mpaka mwisho siku ile, mtoto huyu nisingemtia aibu. Mwanangu, nimekukosea.

– Yamekwisha, baba.

Hassani aliutazama moto, akamtazama kila mmoja wao.

– Sasa ndugu zangu, huu moto tunaufanyaje?

– Tieni viazi, – bibi alisema. – Na lile blanketi langu liko wapi?

Simu ya maandishi ilipelekwa posta ya Lushoto, na Mzee Abrahamu aliisema mwenyewe mpaka karani akamwomba apunguze maneno. Ilibaki hivi:

"SILVANO NJOO HARUSI YA MIKA. LETA TARUMBETA. NAFASI YAKO IPO. KAKA."

Alikuja. Watu wa Mlola watakwambia mpaka leo jinsi kaka na mdogo walivyoshindwa kusalimiana mlangoni pa kanisa, wakaishia kupima sauti za tarumbeta zao. Na nyuma ya Silvano alishuka kikongwe mfupi mwenye kamera, akitafuta meno yake mfukoni.

– Silvano wangu, sogea kushoto! – alipiga kelele, kama watu wote wasiosikia. – Hassani wangu, ondoa tumbo kwenye picha. Wewe mzee wa koti, Abrahamu wangu, kaza mashavu.

Mika alimwinamia bibi harusi.

– Ndiye huyu?

– Ndiye.

– Ungeniambia, ningelala.

– Ungelala, na mimi je? Ningemjua wapi mwenye fremu?

Picha yenyewe iliwafika kabla plamsi hazijaisha. Walikuwa Mazinde wote wawili, Mika akijifunza kupanga vikapu na kukosea, gari la wanamuziki likasimama. Zahoro aliitoa kwenye bahasha: ndugu wawili wamepuliza mpaka mishipa ya shingo imesimama, na katikati yao Dina anacheka na shela limepeperuka. Mzee akatoa kalamu yake ya wino mweupe, akamtazama bwana harusi.

– Sasa huyu ni mke wa mtu. Niandikeje?

Dina alimtazama Mika. Mika alichagua plamsi iliyoiva vizuri, akaifuta kwenye shati, akampa mzee.

– Andika kama siku zote, – alisema.

Picha ile ilipata fremu yake ya mvule. Nyingine kama hiyo, yenye saini, ilikwenda Mlola, kwenye albamu mpya ya jalada jekundu aliyoinunua Mzee Abrahamu mwenyewe. Ameiweka ukurasa wa mwisho kabisa. Na mgeni wake asipofika ukurasa huo, chai huwa haijaiva.