Karabini ya Mlinzi wa Reli

Haya yalimfika rafiki yangu Jaffar, majira ya baridi ya mwaka 1972, umeme ulipokuwa ukikatwa London kila mara. Shangazi yake, Bi Time wa mtaa wa Walthamstow, alikuwa edani. Marehemu mumewe alilinda treni za mizigo huko Voi, na alimwachia karabini yake ya kazi, bunduki fupi ya kukoki kwa mkono.

“Ipeleke polisi, baba,” alimwambia Jaffar alasiri moja. “Nimechoka kukaa nayo.”

Jaffar akashuka chumba cha chini ya nyumba, akaikuta ndani ya blanketi. Alipoikumbatia tu, taa zikazimika. Giza likawa totoro. Akapapasa ukuta akitafuta ngazi.

Mbele yake, ngazini, akasikia bunduki ikikokiwa, taratibu. Yake ilikuwa kifuani, ya baridi, hakuna aliyeikoki.

“Nani huko?” ikauliza sauti ya mwanamume.

Kutoka jikoni, juu, shangazi yake akajibu kwa upole, kama anayeulizwa hivyo kila siku:

“Ni Jaffar, bwana wangu. Mpishe.”

Na pale gizani, mabuti yakasogea hatua moja, yakampisha.