Chuma cha Arobaini

Adhuhuri hiyo Akil alisikia mnyororo ukiburutwa orofani, akaruka kutoka kwenye mkeka akidhani mfungwa wake anatoroka. Kumbe mfungwa yuko pale pale uani, anapaa samaki, miguu yote miwili mitupu. Wakainua vichwa kwa pamoja wakatazama dari.

"Nani yuko juu?" Ngumbao akauliza.

"Mke wangu na mtoto," Akil akasema. "Na mnyororo wako."

Tuanze na ujinga wa Akil, maana majini husingiziwa mengi ambayo watu wamejifanyia wenyewe. Akil alikuwa askari wa jela kule ngomeni Mombasa, mtoto wa mtaa wa Kibokoni. Ngumbao alikuwa Mgiriama aliyekamatwa Wagiriama walipopigana na Waingereza, mwaka wa 1914. Akil naye alikwenda vita hivyo upande wa serikali, akachoma maghala ya mahindi, akarudi na kovu la mshale begani. Askari wengi waliwachukua wafungwa mchana wakawachotee maji majumbani, na siku ya kwanza alipopewa Ngumbao, Akil alimfunulia lile kovu ili amtishe. Ngumbao akalikagua kwa makini, akasema huo si mshale wake. Wake una sumu, na aliyepigwa nao hana bega la kuonyesha watu.

Akil alitaka kumpiga, akajikuta anacheka. Urafiki wao ulianzia hapo, na haukuwa na maana yoyote, lakini ulikuwepo. Walikula sinia moja. Ngumbao alimwita "askari" tu, kama kwamba ndilo jina alilopewa na mamake.

Nabiha, mke wa Akil, alipojifungua binti yao Jawahir, Akil alikuwa ameshaanza kuona haya kumlisha rafiki yake akiwa na chuma mguuni. Basi kila asubuhi akamfungua, na kabla ya Magharibi akamfunga tena na kumrudisha ngomeni. Mchana mnyororo ufichwe wapi? Nabiha alikuwa ndani ya arobaini, zile siku za uzazi, na mzazi wa pwani halazwi bila chuma karibu na mtoto, kuwazuia wale wasiotajwa. Watu huweka kisu chini ya mto. Akil alikiona kisu kidogo, akakiondoa, akausukuma mnyororo uvunguni mwa kitanda. Chuma ni chuma, alijiambia, na kizito ni bora. Hakumuuliza mtu yeyote.

Baada ya sauti ilikuja harufu. Mwanzoni ilikuwa kutu, kisha kutu na kidonda. Nabiha alifukiza udi mpaka macho yakamwasha, na harufu ikabaki palepale chini ya udi. Kisha akamwita mumewe, akaongea kwa kunong'ona, kama anayeogopa kusikiwa na kitanda.

"Kuna mtu amshika mwanangu mguu."

Kwenye kifundo cha mguu wa kulia wa Jawahir palikuwa na alama nyekundu, nyembamba kama uzi, iliyozunguka mguu wote. Kesho yake adhuhuri ilikuwa nene kama kamba, na mguu ulikuwa baridi.

Akil akauacha mnyororo ngomeni. Mchana akaukuta uvunguni. Akautupa baharini nyuma ya ngome, akarudi nyumbani mbio, akaukuta uvunguni umelowa, umeshika matope. Akampelekea mhunzi auyeyushe, na moto wa mhunzi ukazima mara tatu, mpaka mhunzi akamwomba kwa adabu aondoke. Akil alikasirika kama mtu anayechota maji kwa pakacha. Alimlaani mhunzi, akailaani bahari, akamfokea mkewe ambaye hakuwa na kosa, kisha akaketi ngazini akalia kwa hasira.

Akaitwa Bi Mwanakhamis, mkunga wa Nabiha, mwanamke aliyejua pia kusema na pepo. Aliponusa tu mlangoni aliuliza nani aliuvaa mnyororo kabla ya Ngumbao. Akil akasema: mfungwa aliyekufa kwa homa, akavuliwa akiwa maiti, kabla ya kuoshwa, na siku ileile ukapewa mwingine. Bi Mwanakhamis akatia ubani kwenye chetezo, akaita kwa sauti ya chini, akaita tena, na Nabiha, aliyekuwa amempakata mtoto wake akimwimbia, akaacha kuimba katikati ya neno, shingo ikamlegea, macho yakabaki wazi yakiutazama ule uvungu ambamo kitu kilikuwa kinajivuta polepole, pete baada ya pete, kuelekea miguuni pake, na kinywani mwake ikatoka sauti ya mwanamume mgonjwa, isiyo na hasira hata kidogo, ikiuliza, "Mguu wangu uko wapi?"

Nabiha alipozinduka, Bi Mwanakhamis alisema huyo hafukuziki, kwa kuwa hana kwake pengine. Kwake ni mguuni.

Siku moja kabla, serikali ilikuwa imetoa msamaha kwa Wagiriama. Ngumbao alikuwa huru, alikuja kuaga tu. Alisimama mlangoni akasikia yote.

"Askari," alisema, "kwangu mnyororo huu ulikuwa kimya miezi yote. Ulikuwa na mguu."

Akil alielewa. Aliurukia, akauweka kwenye mguu wake mwenyewe, kufuli likakataa kushika. Ngumbao akaushika upande wa pili.

"Uache," Akil akasema. "Nakuamuru."

"Tangu jana mimi si mfungwa wako. Huwezi kuniamuru." Akauvuta taratibu. "Wewe una mtoto wa kumfundisha kutembea. Na mimi uzito wake naujua."

Kufuli likalia mguuni mwa Ngumbao. Jawahir akalia kwa njaa, kilio cha kawaida kabisa, na mguu wake ukaanza kupata joto.

Jioni Akil alijaribu kumfungua. Kila alipoutia ufunguo, mtoto alipiga ukelele orofani kabla haujazunguka. Ufunguo anao, rafiki yuko huru, na hana la kufanya. Alimsindikiza mpaka Makupa, penye njia ya kutoka kisiwani, watu wakishangaa kumwona mtu aliyesamehewa anatembea na mnyororo.

"Rudi, ndugu yangu," Ngumbao alisema pale kivukoni. Hakumwita askari.

Mwaka ukapita. Jawahir akaanza kusimama kwa kushika ukuta. Adhuhuri moja mji umelala, Akil yuko kwenye mkeka, akasikia mnyororo ukiburutwa orofani.

Hakuuliza nani yuko juu; mnyororo usingerudi kama Ngumbao angali hai. Alisema innalillahi, akamlilia Ngumbao, kwa sababu hakuna mwingine katika Mombasa nzima ambaye angemlilia. Alipofuta macho alimwona Jawahir ameketi chini ya ngazi, ameunyoosha mguu wa kulia mbele, ametulia, kama wafungwa wanavyounyoosha askari anapofika.

Akamwita Nabiha, akamwambia amchukue mtoto aende kwa mamake, na asiulize kitu. Akangoja mpaka mlango wa mbele ukafungwa. Kisha akavua kiatu cha kulia, akaanza kupanda ngazi.