Nilimponza Zuhura kwa Hijabu Niliyomwomba

Nina miaka ishirini na mbili, naishi mtaa wa Kware, na kuandika nimejifundisha mwenyewe. Barua hii nimeichana mara sita... Leo naituma hata ikiwa na makosa.

Nikiwa kidato cha pili katika shule moja ya serikali hapa Eastlands, mashariki ya jiji, niliogopa kufeli kupita kiasi. Nikisoma, mkono ulikuwa kichwani, unang'oa nywele moja moja. Muhula wa pili nilikuwa na upara utosini. Wenzangu wakaniita Kiwanja. Ningeificha wapi aibu ile?

Zuhura, niliyeketi naye dawati moja, alitoka mtaa wa Ziwani. Wasichana Waislamu waliruhusiwa kuvaa hijabu nyeupe, nami nikamsihi aniazime yake moja. Alisita, akasema hijabu si kofia ya kujifichia, lakini nililia hadi akakubali. Alinifunga hijabu kila asubuhi akinicheka: "Tulia, mama. Unatingisha kichwa kama mbuzi wa Idi."

Mwalimu wa darasa nilimdanganya kwamba nimesilimu. Habari zikamfikia mama yangu, mwimbaji wa kwaya ya kanisa, naye Ijumaa akaja shuleni akiwaka hasira. Naibu wa mwalimu mkuu akamwita Zuhura, kisha akaniuliza ni nani aliyenisilimisha. Ningevua tu kitambaa na kuonyesha upara... yangeisha!

Nikasema, "Ni Zuhura. Aliniambia nisipovaa nitachomwa moto wa jehanamu."

Zuhura aliniangalia. Kisha akarudi darasani.

Jumatatu naibu alitangaza gwarideni kwamba shule ya serikali haina dini, hijabu ni marufuku. Upara wangu ukaonekana na shule nzima siku hiyohiyo! Wasichana wengine Waislamu walivua hijabu langoni. Zuhura alikataa, na baba yake akakataa. Siku tatu alisimama nje na mkoba wake, nami nikampita nikitazama viatu vyangu. Siku ya nne hakuja, wala hakurudi tena shuleni. Yeye aliyekuwa wa kwanza darasani!

Mwaka jana nilikwenda kwao kuomba msamaha. Nilimkuta akikunja sambusa za kuuza. Alinikaribisha chai kwa adabu iliyoniuma kuliko tusi. Akanieleza kwamba mdogo wake wa kike naye hakupelekwa sekondari, maana baba yao alisema ameona ya kutosha. Nikapiga magoti.

"Inuka, dada," akasema. "Mimi nimekusamehe. Ila yule mdogo wangu huniuliza kosa lake ni nini. Niambie nimjibu vipi."

Nikainuka, nikamuaga, chai ikabaki kikombeni.

Wasomaji wenzangu, aibu yenu ibebeni wenyewe! Ukiulizwa, sema lako hata sauti ikikatika. Mimi niliokoa heshima yangu kwa wikendi moja, na wasichana wawili wakakosa shule.