Ukuta wa Nusu Milimita

Jumamosi moja ya Mei 1973, sokoni Mwanjelwa, Leokadia alimwona kijana aliyekuwa akisugua kucha ya kidole gumba kwa tupa. Aliokota tupa moja kwenye turubai la muuza vyuma, akaipitisha juu ya kucha, akaitazama kucha hiyo kwenye mwanga, akairudisha tupa na kuokota nyingine. Akina mama wenye vikapu vya viazi walimsukuma huku na huku. Hakuondoka.

Leokadia alisimama kwa sababu alikijua kitendo hicho. Katika kliniki ya meno alikofanya kazi ya usaidizi, daktari alipima hivyohivyo vichwa vya drili kila asubuhi.

"Hizo zote ni butu," alisema.

Kijana aligeuka. Alivaa suruali ya bugaluu na shati la kola pana, na kitana kilikuwa kimechomekwa kwenye nywele zake nyingi. Viwiko vyake vilikuwa na weusi wa oili usiotoka kwa sabuni.

"Dada, umejuaje na hujashika hata moja?"

"Kucha yako inang'aa tu. Tupa yenye makali ingeikwangua."

"Wewe ni fundi wa nini?"

"Meno."

"Pole yangu. Mimi siumwi jino, ninaumwa bomba."

Leokadia alicheka, akaziba mdomo kwa ncha ya sweta lake la buluu. Chini ya sweta hilo kulikuwa na gauni jeupe la kazi lililopigwa pasi vizuri, na kijana alilitazama kwa heshima, kama mtu anayetazama mashine mpya.

Jina lake lilikuwa Bujiku. Wazazi wake walikuwa Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao katika bonde la Usangu, karibu na Chimala. Yeye aliikimbia fimbo ya kuchungia na kujifunza ufundi katika gereji ya mzee Sedekia, hapohapo Mwanjelwa. Alikuwa na Fiat ya kijani aliyoifufua kutoka kwenye mabaki, na mwezi wa Julai klabu ya madereva ingefanya mashindano kutoka Mbeya hadi Iringa.

"Gari langu linakosa pumzi," alieleza. "Kuna bomba la aluminiamu lenye matawi, manifoldi. Ndilo linalopeleka hewa na petroli kutoka kwenye kabureta hadi ndani ya injini. Kiwandani huliacha na mikwaruzo na kingo kali ndani. Ukiyapanua matawi hayo na kuyalainisha, hewa inapita bila kugombana na mtu. Lakini tupa hazifiki kwenye kona."

"Kichwa cha drili ya meno kinafika," Leokadia alisema.

Wiki iliyofuata alimletea vichwa kumi na viwili vilivyochakaa, ambavyo daktari alimruhusu kuvichukua. Havikufaa tena kwa jino, ila aluminiamu ni laini.

Kazi ilifanyika Ilomba, uani kwa Mama Apolonia, mwenye nyumba wa Leokadia. Bujiku alifungua cherehani ya mama huyo, akaunganisha gurudumu lake na kebo ya spidomita ya lori bovu. Mwisho wa kebo alifunga kishikio kilichobana kichwa cha drili. Yeye alikanyaga pedali, kichwa kikazunguka, na Leokadia akashika kishikio. Jumapili nne mfululizo, baada ya misa, walikaa hivyo hadi jua lilipoelekea kushuka, magoti yao yakikaribiana. Unga wa rangi ya fedha uliwaangukia mapajani.

"Kanyaga sawasawa. Unakanyaga kama mlevi."

"Nakuangalia wewe, nasahau mguu."

"Angalia mguu."

"Mguu hauna vishimo mashavuni."

"Watoto wa watu hamna aibu!" Mama Apolonia alipaza sauti kutoka jikoni. "Na sindano yangu isipotee!"

Bujiku alimfundisha kila kitu, na Leokadia alikuwa mwanafunzi asiyesahau. Alijua kwamba nyuma ya ukuta wa bomba hupita maji ya moto ya injini, yanayolipasha joto ili petroli igeuke mvuke. Kwa hiyo ukuta haupaswi kuliwa sana.

"Injini inavuta kwa nguvu zaidi wakati gani?" Bujiku alimuuliza siku moja.

"Ikipanda mlima."

"Wote husema hivyo. Hapana. Ni wakati wa kushuka, ukiwa umeachia mafuta. Mlango wa hewa umefungwa, pistoni bado zinavuta. Zinavuta chochote kilicho karibu."

"Na ukuta ukipasuka?"

"Zinavuta maji. Maji hayabanwi kama hewa. Injini inakwama palepale, na magurudumu ya nyuma yanakwama nayo." Alikunja ngumi kuonyesha. "Ukiwa kwenye mteremko wa Inyala, hapo unasali."

Jumapili ya nne, katika kona ya tawi la tatu, mkono wa Leokadia ulihisi kitu. Bujiku alikuwa ameenda kunawa. Kazi ilikuwa imekwisha, na yeye alikuwa akipitisha kichwa cha mwisho polepole kwa vidole tu, kuondoa alama ndogo. Chuma kililainika. Ni hisia aliyoijua: katika jino, karibu na neva, ugumu hupungua ghafla. Kanuni ya daktari wake ilikuwa na maneno mawili. Ukihisi pamelainika, simama, sema.

Alisimama. Alichukua chuma chembamba cha kuchunguzia meno, akabonyeza. Ukuta uliingia ndani kidogo, ukalia *tik*, ukarudi, kama mfuniko wa kopo la maziwa. Alikadiria unene wake: nusu milimita, pengine chini ya hapo.

Bujiku alirudi akikung'uta maji mikononi. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Aliliinua bomba juani, akachungulia. Hapakuwa na tundu, kulikuwa na mng'ao tu. "Mkono wako hautetemeki, Leokadia. Nimewaambia gereji nzima. Hata Sedekia, ambaye hajawahi kumsifu mtu, amesema huyo binti nimlete nimwoe."

Leokadia hakumwambia. Hakuwa mwongo kwa tabia. Katika maisha yake watu walikuwa wamemsifu kwa jambo moja tu, na jambo hilo ndilo lililokuwa limekosewa.

Fiat ilifungwa bomba lake. Ilizunguka mitaa ya Mbeya ikinguruma, na watu wa Mwanjelwa walitoka madukani kuitazama. Kila ilipopita, Leokadia alihesabu mara ambazo ukuta ule ulikuwa umevumilia. Usiku hakulala vizuri, na kazini aliangusha trei mara mbili. Siku nne kabla ya mashindano alikwenda gereji akiwa amejifunga kanga mabegani kwa baridi ya Julai.

"Bujiku, usishindane."

"Kwa nini?"

"Basi tu. Nakuomba."

"Basi tu si sababu. Gari halijawahi kwenda hivi."

Leokadia alitazama sakafu. Bujiku aliweka spana chini.

"Nimesikia mjomba wako alikuja kutoka kwenu Iringa," alisema taratibu. "Wameuliza kwetu ni wapi, sivyo? Wameambiwa ni Msukuma wa Usangu, baba yake analala na ng'ombe. Wewe unaona aibu jina langu litangazwe Iringa mbele ya ndugu zako."

Haikuwa kweli hata kidogo. Mjomba alikuja kununua mbegu za viazi. Lakini Leokadia aliona kwamba uongo huo, ukiachwa hivyo, ungemwepusha na kukiri ule wake.

"Fikiri unavyotaka," alisema.

"Haya. Nenda kwenu."

Alikwenda. Alichukua likizo yake, akapanda basi, akafika Iringa kwa wazazi wake jioni ya Jumatano. Mama yake, Matilda, alimwona hali chakula. Alhamisi ikapita, Ijumaa ikapita. Alijiambia kwamba nusu milimita inaweza kuvumilia. Halafu aliikumbuka sauti ile, *tik*.

Jumamosi saa moja na nusu asubuhi alisimama mlangoni mwa posta kabla haijafunguliwa. Mashindano yangeanza saa tatu. Saa mbili na nusu ndipo opereta alipompata Sedekia gerejini.

"Mbeya hiyo, zungumza. Dakika tatu."

"Shikamoo mzee. Naomba Bujiku, tafadhali, haraka."

Ilichukua dakika nzima. Nyuma ya simu alisikia Fiat ikinguruma.

"Nani?"

"Mimi."

"Unanitakia heri au unaniambia umepata mchumba?"

"Bujiku, nisikilize. Tawi la tatu, kwenye kona. Nimelila mno."

"Unasema nini? Sikusikii."

"Ukuta ni mwembamba! Nilibonyeza ukabonyea. Nilijua siku ileile. Nilikuficha."

Waya uliunguruma.

"Dada, dakika moja imebaki," opereta alisema. "Mwambie mwenzio yote."

"Na habari ya ndugu zangu ni uongo. Sijawahi kukuonea aibu. Nilijionea aibu mimi. Usishuke Inyala na gari hilo. Bujiku? Bujiku!"

"Mwezi mzima," Bujiku alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mwezi mzima nimekaa juu ya injini hii nikiimba."

Simu ikakatika.

Leokadia alishuka mlima wa mji wa Iringa kwa miguu hadi Ipogoro, ambako mashindano yangeishia karibu na daraja la Ruaha. Wenyeji walikuwa wamejipanga barabarani wakiwa na watoto mabegani. Gari la kwanza lilifika saa saba kasoro robo, la pili dakika kumi baadaye. Ubao wa karani ulikuwa na namba kumi na mbili. Bujiku alikuwa namba saba.

Saa nane magari manane yalikuwa yamefika. Leokadia alimwendea karani, mtu mnene aliyevaa kofia ya pama.

"Namba saba ilianza?"

"Ilianza, mama. Ya nne kuondoka."

Leokadia alishika ukingo wa meza.

Dereva wa gari la tisa alishuka akifuta vumbi machoni. Leokadia alimshika mkono bila salamu. "Umeona Fiat ya kijani?"

"Ile? Imesimama Inyala, juu, kabla ya mteremko. Boneti wazi."

"Na mwenyewe?"

"Sikuona mtu, dada. Nilipita mbio."

La kumi likafika. La kumi na moja likafika likivutwa. Karani alikunja ubao wake, watu wakatawanyika, na muuza mahindi akachukua jiko lake. Leokadia alibaki ameketi juu ya jiwe la ukingo wa barabara. Alijaribu kuyapanga anayoyajua. Gari lilisimama kabla ya mteremko: hilo ni jambo moja. Boneti lilikuwa wazi, kwa hiyo kulikuwa na mtu wa kulifungua. Lakini maji ya moto huunguza uso wa anayefungua. Kila jambo zuri lilikuja na baya lake.

Saa kumi na moja jioni lori la mpunga kutoka Mbeya lilipunguza mwendo kabla ya daraja. Mtu aliruka kutoka juu ya magunia. Nywele zake zilijaa makapi, mikono ilikuwa myeusi hadi viwikoni, na kwapani alibeba kitu kilichofungwa kwa shati la kola pana. Yeye mwenyewe alikuwa na fulana tu, akitetemeka kwa baridi.

Leokadia alisimama. Hawakukumbatiana, palikuwa na watu.

"Kwa nini ulianza?" aliuliza. "Nilikwambia, na bado ukaanza!"

"Kwa hasira. Na Sedekia alikuwa anatazama." Aliketi kwenye jiwe. "Kupanda ilikwenda kama swala, nakuapia. Nikafika juu ya Inyala, nikauona mteremko wote, na malori madogo kule chini. Ilikuwa niachie mafuta. Mguu ukakataa. Nilisikia sauti yako: nilibonyeza ukabonyea. Nikavuta kando. Sijawahi kuogopa hivyo, hata simba alipoingia zizini."

"Halafu?"

"Nikasubiri ipoe, nikalifungua bomba. Magari yalipita, sikunyanyua kichwa. Nilikuwa chini ya boneti, labda ndani ya boneti." Alifungua shati. Manifoldi ilikuwa na masizi nje, na ndani iling'aa kama kijiko kipya. "Sikulibonyeza. Nilitaka ulibonyeze wewe."

Leokadia aliingiza kidole chake chembamba kwenye tawi la tatu. Alipajua mahali. Alibonyeza taratibu, kwa nguvu ambayo mtu hutumia kufunga kifungo cha blauzi.

*Tik.*

Safari hii ukuta haukurudi. Bujiku aliliinua bomba, na upande wa pili, mahali ambapo maji hupita, waliona tundu dogo lenye umbo la mbegu ya tikiti. Mwanga wa jioni ulipita humo hadi kwenye kiganja chake. Leokadia alianza kulia, kwanza kimya, kisha kwa sauti.

"Kanuni ya daktari wako inasemaje?" Bujiku aliuliza. "Ile uliyoniambia."

"Ukihisi pamelainika, simama."

"Na?"

"Sema."

"Basi sema. Sasa hivi una nini tena ambacho hujasema?"

Alijifuta uso kwa kanga. Alifikiri, kwa sababu hakupenda kujibu asichokipima.

"Nataka ulete wazee wako kwa baba yangu. Na ng'ombe waje kwa miguu yao, wote wawaone, ili mtu asiseme tena kwamba naona aibu."

"Na baba akinikataa?"

"Naogopa hilo."

"Na akinikubali?"

"Naogopa zaidi. Hapo kila siku itabidi niseme," alisema Leokadia, akalifunga bomba ndani ya shati, akalibeba yeye, na wakaanza kupanda mlima kuelekea kwa wazazi wake.